Mkono wa Taalai na Mbuzi Aliyelowekwa

Novemba 28

Beseni langu la kufulia lina mbuzi ndani. Hana kichwa, hana kwato, na tumbo lake limeshonwa kwa uzi wa magunia. Ormon, mume wangu, kamloweka tangu juzi ili ngozi iwe ngumu, isichanike wanaume wakianza kumnyang'anyana juu ya farasi wakimpeleka golini. Asubuhi barafu juu ya beseni ilikuwa na unene wa kidole, na manyoya yamegandia humo humo. Nikamuuliza nitafulia wapi mashuka ya zahanati ninayohudumu.

"Fulia mtoni."

"Mto umeganda."

"Basi ngoja uyeyuke."

Ndiye mkubwa wa wachezaji wa kijiji chetu, Kök-Döbö, ingawa ana miaka hamsini na saba na goti moja bovu. Kutwa ana ugoro wa kijani chini ya mdomo, anatema popote. Leo katema kwenye ndoo ya mavi makavu ninayowashia jiko. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia yeye nitapayuka, na majirani wanapenda sana nikipayuka.

Novemba 30

Mbuzi katoka. Nimelisugua beseni kwa majivu mara tatu na bado linanuka.

Desemba 4

Satkyn, anayechunga yaki, ng'ombe wale wa manyoya marefu, upande wa juu wa kijiji, kaja zahanati anachechemea. Viatu vipya vya ngozi, vimembana hadi nikavivuta kwa mikono miwili, kwa sababu eti mchezaji hataki mguu umcheze ndani ya kikuku cha tandiko. Kikuku chenyewe cha chuma. Ndani ya kiatu soksi moja ya nailoni, imelowa jasho. Kidole gumba kilikuwa cheupe kama nta, kigumu, nikikibonyeza hakibonyei.

"Kinauma?"

"Kiliuma asubuhi. Sasa kimetulia, dada. Nadhani kinapona."

"Kimetulia kwa sababu kinakufa, Satkyn."

Akacheka. Nikautia mguu kwenye maji ya vuguvugu niliyoyapima kwa kiwiko kama ya kuogeshea mtoto mchanga, nikawa naongeza maji kila yakipoa. Baada ya nusu saa kicheko kilimwisha. Damu ikirudi inachoma, na huyu bwana mwenye ndevu aliniomba nimkate mguu wote yaishe. Malengelenge yalipotoka yalikuwa ya maji meupe. Heri yake. Yangekuwa ya damu ningekuwa naandika mengine.

Nilipokuwa namfunga akaniambia mkewe alishamsugua kwa theluji.

"Nani kamfundisha?"

"Ormon."

Nilitaka kumrudishia kile kiatu akivae vilevile aende zake.

Desemba 9

Nimeitisha mafunzo. Wamekuja kumi na mmoja, tisa kati yao kwa ajili ya chai. Nikawaambia ngozi iliyoganda haisuguliwi, si kwa theluji, si kwa kitambaa, si kwa kitu chochote, kwa sababu ndani mna barafu na wewe unaisaga kwenye nyama. Haiwekwi juu ya jiko, maana haisikii moto, itaungua huku mwenyewe akipiga soga. Viatu vipwaye kidogo, soksi za sufu mbili na nyingine kavu kifuani. Mkitembea wawili, tazamaneni nyuso: pua au shavu likifanya doa jeupe, liwekee kiganja hapo hapo. Vidole vikianza kuwasha na kuchoma ni heri, bado viko hai. Vikinyamaza ndipo uogope.

Bibi Zuurakan, mama mkubwa wa Ormon, akauliza, "Na vodka?"

"Vodka inakudanganya una joto, kumbe inalitoa nje."

"Basi marehemu mume wangu alidanganywa miaka arobaini, na alikuwa na furaha."

Wakacheka, wakamaliza chai, wakaenda. Mmoja kasahau glavu zake. Sio kazi hii niliyoisomea.

Desemba 15

Upepo. Hakuna aliyekuja.

Desemba 22

Leo nimekwenda uwanjani kuwaona wakifanya mazoezi. Sijui kwa nini nilikwenda. Wanaume thelathini, kila mmoja kaung'ata mjeledi wake kwa meno ili mikono iwe huru, mate yanawachuruzika na kuganda kwenye ndevu. Mbuzi kalowa, anaburutwa, anapandishwa, anabanwa chini ya paja hadi suruali inalowa nayo. Wanamshika kwa mikono mitupu, kwa sababu manyoya mabichi yanateleza kwenye glavu. Baridi ilikuwa nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.

Mwanangu Taalai ndiye anayewashinda wote. Ana miaka ishirini na minne, na anainama juu ya farasi aliye mbioni mpaka nywele zake zinagusa theluji, anamwokota mbuzi mzima kwa mkono wa kulia. Mkono huo huo ndio anaopigilia farasi wa kijiji kizima viatu. Nilikuwa nimemfumia glavu nyembamba ya sufu, vidole vitatu tu vilivyofunikwa, viwili wazi vya kushikia. Akaivaa. Baba yake akaiona.

"Wewe! Umevaa soksi mkononi? Umeolewa lini, mbona hatukuletewa mahari?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Taalai akaivua akaitia mfukoni, na akaepuka kunitazama. Nikamwambia Ormon mbele yao wote kwamba siku mtoto akipoteza vidole nitamlisha yeye hivyo vidole. Wakacheka zaidi. Ormon katema ugoro, mate yake ya kijani kwenye theluji nyeupe, nikaona kinyaa.

Januari 3

Nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Wagonjwa wanne, wote masikio, wote wamesuguliwa theluji.

Januari 7

Tarehe kumi na moja kuna karamu Tash-Bulak, mwaka mmoja tangu afariki mkubwa mmoja wa kule, na mchezo utakuwa mkubwa. Inasemekana atakuja mtu wa timu ya mkoa kumwangalia Taalai. Akimchukua, ataishi kwa kucheza. Ormon halali, anamlisha farasi shayiri kwa mkono. Nimemwomba Taalai apumzishe mkono kila baada ya raundi, autie kwapani. Kaniambia, "Sawa, mama." Ile sawa yake naijua.

Januari 13, hospitali ya wilaya

Nimekaa kwenye benchi la korido. Nitaandika yote kama yalivyokuwa, maana baadaye nitajidanganya.

Mchezo ulianza saa tano, baridi nyuzi ishirini na nne na upepo juu yake. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nakata nyama. Saa nane nikasikia kelele nikajua Taalai kafunga. Kafunga mara saba. Mtu wa mkoa alimpa mkono, na Taalai alipompa wake, yule mtu akauachia haraka, akasema, "Kijana, mkono wako ni wa mti."

Nilipofika nje Ormon alikuwa kapiga magoti anausugua kwa theluji, na Satkyn anammiminia mtoto vodka mdomoni. Nikamsukuma Ormon kwa teke. Sijawahi kumpiga mume wangu teke kabla ya hapo. Vidole vyote vitano vilikuwa vyeupe, vigumu mpaka fundo la pili, vinagongana kama mbao. Manyoya ya mbuzi yalikuwa yamegandia kwenye kiganja.

"Theluji dakika moja tu," Ormon akasema. "Marehemu baba yangu..."

"Nyamaza. Unanuka. Ondoka mbele yangu."

Nikamwingiza Taalai ndani, nikaomba maji ya moto na ya baridi, nikayachanganya, nikayapima kwa kiwiko. Nyumba nzima ilikuwa imesimama inanitazama, wanawake wa Tash-Bulak, wachezaji, yule mtu wa mkoa. Na mimi nilitaka wanitazame. Msimu mzima wamenicheka. Nikasema kwa sauti, mkono wa mtoto uko majini, "Hivi ndivyo inavyofanywa." Taalai alipiga ukelele uliowatoa watoto nje. Vidole vikawa vyekundu, kisha vya zambarau, malengelenge yakapanda. Kwenye kidole cha shahada na gumba yalikuwa ya maji. Kwenye vile vitatu vingine yalikuwa ya damu.

Nikaona damu nikasema hospitali, sasa hivi.

Kuna jambo tulilofundishwa mwaka wa kwanza wa chuo. Kiungo kilichoganda, kama bado una safari ya baridi mbele yako, usikiyeyushe. Kifunike, kiache vilevile, ukifikishe. Kwa sababu kikishayeyuka kikaganda mara ya pili, nyama yote inakufa. Kama umeshayeyusha, basi usitoke, kaa hapo ulipo hata siku tatu. Ningeweza kumpeleka bila kuyeyusha. Ningeweza kuyeyusha na kukaa. Nilichukua nusu ya kila njia, nikayeyusha na kuondoka, kwa sababu nilitaka kuonekana najua.

Gari la Satkyn lilizima kwenye uwanda, saa kumi, nusu ya njia. Dizeli iliganda kwenye bomba. Satkyn akaingia chini ya gari kuwasha matambara ayeyushe dizeli. Simu hazikupata mtandao. Upepo ulipita ndani ya gari kana kwamba milango imefunguliwa.

Ormon alikuwa amekaa nyuma na mtoto. Akafungua koti, akapandisha fulana. "Lete huo mkono tumboni kwangu."

Alinuka vodka, jasho la farasi na ule ugoro. Tumbo lake jeupe likaonekana. Kinyaa kilinishika.

"Usimguse. Utayapasua malengelenge. Mchafu wewe."

"Mke wangu, gari limezima."

"Litawaka."

"Basi mimi nimejifuta. Tazama, nimejifuta na theluji."

"Theluji tena? Nimesema usimguse."

Nilikuwa nimeuzungushia shashi na shali yangu, nikajiambia inatosha. Saa nzima ilipita hivyo. Taalai akasema, "Mama, maumivu yamekwisha." Nikafungua shali. Ncha za vile vitatu zilikuwa za kijivu na zimenyamaza.

Nikamwambia Ormon, "Chukua."

Akauchukua, akaulaza tumboni, akafunga koti juu yake na kumkumbatia mwanawe mtu mzima kama aliyezaliwa jana. Alikaa hivyo saa mbili mpaka greda la barabara lilipofika likatuvuta. Meno yake yalikuwa yakigongana. Hakuutoa.

Dk. Gulsunai wa wodi aliniuliza, "Nani aliuyeyusha?"

Nikasema, "Nilipofika walikuwa wameshaanza kusugua kwa theluji."

Ni kweli. Akaandika theluji. Akatikisa kichwa akasema, "Hawa wanaume." Nami nikatikisa changu.

Januari 14

Wamempa dawa za damu na za maumivu. Kila kidole kina shashi yake. Dk. Gulsunai kasema hakatwi mtu sasa. Wanangoja wiki kadhaa mpaka nyama iliyo hai na iliyokufa zijitenge zenyewe, mstari uonekane.

Januari 21

Hakuna mstari. Vitatu ni vyeusi nchani.

Januari 23

Ormon kasafiri kwa saa tano kumletea mchuzi wa kondoo. Taalai kamwambia muuguzi, "Asiingie." Nikatoka nikamkuta koridoni na sufuria imefungwa taulo. Nikapokea sufuria. Karudi na basi hilo hilo.

Februari 2

Nimerudi kijijini kufungua zahanati. Wamekuja watu thelathini na wanne. Wanavua viatu wenyewe wanionyeshe soksi. Satkyn ana soksi za sufu mbili na ya tatu kifuani, kazitoa mbele ya watu kama kitambulisho. Bibi Zuurakan anamwambia kila anayeingia, "Msikilizeni daktari. Ormon hakusikia, kamla mwanawe vidole kwa theluji yake."

Wananisikiliza sasa. Najichukia nikiwa nawafundisha.

Februari 9

Mstari umeonekana. Uko chini sana, fundo la pili.

Februari 10

Wachezaji wamechagua mkubwa mwingine. Ormon aliwapelekea mwenyewe bendera na kengele ya timu. Hatemi tena ugoro ndani. Nilikuwa nikiomba hilo miaka ishirini na tano, na sasa nikiiona ndoo safi inanikera.

Februari 17

Theluji siku nne. Hakuna barabara.

Februari 26

Nimekwenda hospitali. Vidole vitatu ni vikavu, vyeusi, vimesinyaa. Taalai anavitazama hivi hivi anapokula.

"Mama, vinanuka?"

"Hapana."

"Unasema uongo. Yule mzee kanimaliza."

Nilikuwa na nafasi hapo. Nikamwongezea mto.

Machi 6

Wamekata vitatu. Dk. Gulsunai kaniita pembeni, kasema gumba na shahada vimepona, na kwamba bila mtu kuvipasha joto njiani navyo vingekwenda. "Ulifanya vizuri, dada," akaniambia.

Machi 12

Taalai karudi nyumbani. Hali chakula katika chumba kimoja na baba yake.

Jioni nilimkuta Ormon zizini anamsugua farasi mgongo, farasi ambaye hakuna tena wa kumpanda. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuyeyusha, kuondoka, saa ile moja ndani ya gari. Nilisema haraka kama mtu anayetema.

Aliendelea kusugua.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mkono ulikuwa tumboni kwangu, Burulcha. Tash-Bulak ulipoutoa majini niliushika, ulikuwa laini. Kwenye gari uliponipa ulikuwa mgumu tena. Sikusoma, lakini ngumu na laini nazijua."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wanavaa soksi. Satkyn anavaa soksi. Wakisikia daktari wao kakosea, watarudi kwenye theluji yangu." Akazunguka upande wa pili wa farasi. "Na theluji niliisugua kweli. Na glavu nilimvua mimi."

"Taalai hataki hata kukuona."

"Ndiyo."

Mtu huyu nimemwonea kinyaa nusu ya maisha yangu, nilikuwa nimekizoea, kilikuwa kinanisaidia. Sasa nimekitafuta sikukiona, na chote kilichobaki nilijionea mwenyewe.

Machi 15

Sijamwambia Taalai.

Machi 18

Sijamwambia.

Machi 21

Sikukuu ya mwaka mpya wa kimila, baridi inapokwisha. Tangu jana wanawake wamekoroga sufuria kubwa ya uji wa ngano iliyochipua, na leo wageni wamekaa kwenye zulia letu, Satkyn na mkewe, Bibi Zuurakan, na wachezaji sita. Ormon alipoingia akakaa, Taalai akainuka na bakuli lake, akalibeba kwa mkono wa kushoto, akaelekea chumba cha pili.

Bibi Zuurakan akasema, "Mwacheni. Angekuwa mama yake peke yake siku ile, mtoto angekuwa na vidole vyake vyote."

Ormon aliinama akala.

Nikasema, "Taalai, simama hapo." Akasimama mlangoni. Nikasema, "Mkono wako niliuharibu mimi."

Nikaeleza. Nilieleza kama ninavyoeleza zahanati, kwa sababu sijui njia nyingine: kilichoganda usikiyeyushe kama safari ya baridi bado ipo, na kama umeyeyusha usitoke. Nikasema nilijua hayo nikayapita ili mnione. Nikasema baba yako alitaka kuuweka mkono wako tumboni mapema, nikamkatalia kwa sababu alikuwa ananuka, na nilipokubali ulikuwa umeshaganda tena. Vidole viwili ulivyonavyo ni vyake.

Kisha Satkyn akasema, "Kwa hiyo, dada, theluji haina neno?"

"Theluji ni upumbavu, Satkyn. Nilichofanya mimi ni upumbavu mwingine. Jifunze yote mawili."

"Usiyeyushe kama safari bado," mkewe akarudia polepole, "na ukiyeyusha usitoke." Akanitazama nimhakikishie. Nikatikisa kichwa kukubali.

Taalai alikuwa bado mlangoni. Alimtazama baba yake muda mrefu. Kisha akarudi akakaa karibu naye, akaweka bakuli chini. Mimi hakunitazama kabisa.

Machi 22

Hasemi nami.

Machi 23

Hasemi nami. Anamlisha farasi na baba yake. Nawasikia wanacheka zizini.

Machi 24

Asubuhi Taalai alisimama mbele yangu na shati lake wazi kifuani. Alikuwa amejaribu mwenyewe, uso umemvuja jasho. Akasema, "Vifungo." Hakusema mama. Nikamfunga vyote sita, kuanzia chini kwenda juu, akasubiri mpaka nilipomaliza, akatoka.